Prof ya Miguu

Siku ya kwanza Prof aliniuliza paka kitu moja tu: kama naogopaka miguu.

Nilikuwa nasimama pa mulango ya labo na ndoo yangu na kitambaa ya kupangusa. Bantu ba biro balikuwa balisha kuniambia kule iko bintu ya kuvunjika, nichunge mikono. Nikafikiri atanifundisha juu ya chupa na bilauri. Yeye akaangalia ndoo, akaniangalia mimi, akasema: "Mama, unaogopaka miguu?"

"Miguu ya nani, Tata?"

Akacheka. Hakukuwa muntu wa kucheka-cheka. Akafungua mulango ya pili, nikaona rafu ya mbao kutoka chini mpaka ku plafon, na ku rafu, miguu. Ilikuwa ya platre, ile unga nyeupe banachanganyaka na maji inakuwa nguvu sawa jiwe. Haikuwa na bidole. Ilikuwa paka bipande yenye inabakiaka kisha muganga kukata: ingine mufupi chini ya goti, ingine muzito ya paja. Kila moja ilikuwa na kipande ya sparadrap, ile plasta ya kubandika ku kidonda, na ku sparadrap numero ya kuandika na biki ya bleu.

"Siogopi," nikasema. "Hii ni bantu."

"Hapana. Hii ni platre. Bantu beko kwabo, banangojea."

Njo vile niliingia mu labo ya universite, ile yenye bantu ba masomo baliitaka jina murefu ya kifaransa, na bantu ba muji baliitaka paka "kwa Prof ya Miguu". Mimi nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primaire. Kisha mama yangu akazaa mapasa, batoto babili mara moja, Kyungu na Kabange, sawa mapasa bote kwetu banaitwaka, Kyungu akabebwa na mama na Kabange akabebwa na mimi, na masomo yangu ikaishia pale ku mugongo.

Naandika hii juu niko na neno moja yenye sikumuambia Prof wakati alikuwa na kichwa ya kuisikia. Ni neno ya Kabange mwingine, Kabange wa Kasungami, na muguu yake. Nitaisema. Lakini musinikimbize. Nikisema ile peke yake mutajua kosa, na muntu hamutamujua.

Jina ya Prof sitaiandika. Bantu benye bananijua bataona ajabu, juu mu labo baliniitaka Mama Majina. Muntu akiingia mara moja na fimbo yake chini ya kwapa, mi nashika jina yake, ya muke wake, na ya avenue yake. Mpaka leo nikifunga macho naona ile rafu: Feza, mushonaji wa Kamalondo, Kasongo wa soudure, mwenye kuchomelea byuma, Mama Agnès mwenye alipondwa na camion ya kubeba mukuba, ile shaba, muzee Mwamba wa reli, Tshibola, mwalimu, mwenye alikuja na bwana yake akimubeba mu brouette, toroli ya kusukuma, na bote babili banacheka. Lakini jina ya Prof ilikuwa jina ya baba ya bwana yangu, herufi kwa herufi. Kwetu, mwanamuke akiolewa, hatajaka jina ya tata-mukwe wake. Hata kama ni muntu mwingine anaibeba. Tata-mukwe yangu alikufa zamani, bwana yangu Ilunga naye alikufa, lakini kinywa yangu haiyajua kama balikufa.

Siku moja muntu wa biro alisoma ile jina kwa sauti mbele yangu, anatafuta signature. Nikafunika kinywa, nikapiga magoti kidogo pale pale chini ku carreaux. Bantu ba biro bakacheka. Prof, yeye pia wa kaskazini sawa mimi, alielewa mbio.

"Ah," akasema, "basi uko muke ya mutoto yangu."

Kutoka siku ile aliniitaka Mukwe, na mimi Tata, hata kama mi nilimupita miaka tatu. Na mambo ya bukwe aliishika kwa nguvu kuliko mimi mwenyewe. Kwetu muke ya mutoto haangaliake tata-mukwe anakula. Saa sita, yeye anachukua mukate yake na avoka, anaenda inje, nyuma ya labo, anakula akisimama. Mvua ikinyesha, anakula chini ya parapluie. Batudiant, banafunzi bake, banamuuliza: "Prof, kwa nini unakula inje sawa mulinzi?" Anabajibu: "Mukwe yangu iko ndani." Muntu alisoma mpaka Bulaya, alikuwa na karatasi ku ukuta na kashe nyekundu, ile muhuri, na alikula ku mvua juu ya mama wa kupiga deki. Nilimuambia, "Tata, ni mi nitatoka." Akasema, "Wewe uko na kazi. Mi niko paka na njaa."

Lakini musifikiri alikuwa mupole. Ku batudiant alikuwa pilipili. Kama muntu ameacha chombo chafu, anamuita mbele ya bote: "Wewe, mama yako alikuzaa na mikono mbili, ya pili unaichunga juu ya nini?" Wamoja balilia ku toilette, na mi njo nilibapelekea maji. Halafu mugonjwa akiingia, ule ule muntu anakuwa mwingine. Mbele ya kugusa kipande ya muguu anauliza: "Naweza?" Anapasha mikono yake kwanza, anaisugua-sugua, juu mikono ya baridi inatishaka nyama. Na platre ikimwagwa, anainamisha sikio karibu nayo, sawa muntu anasikiliza mutoto mu tumbo. Kisha anabandika sparadrap, anaandika numero, anasema: "Iache ikauke." Kila mara ile ile. Hata ukimuletea habari mubaya, hata kelele ya batudiant ikipanda, anainua kidole: "Iache ikauke." Tulikuwa tunamucheka nayo nyuma ya mugongo. Trésor, assistant wake, aliisemaka ku chai ya moto.

Na alikuwa anaogopa damu. Mi nabaambia kweli. Kasongo wa soudure alijikata kidole siku moja pale ku meza, kidogo sana, Prof akageuka rangi, akaenda kushika ukuta. Kasongo akamuambia: "Prof, mi muguu nzima iliniacha sikuanguka, na wewe unaangukia kidole ya muntu mwingine?"

Tena, yeye mwenyewe hakutembeaka. Prof ya Miguu! Kutoka labo mpaka biro ni pale karibu, sauti inafika, lakini alipanda mutokari yake ya zamani yenye ilipiga kelele sawa kinu. Mama Feza alimuuliza mbele ya bantu: "Prof, miguu yako mbili unaichungia nani?" Akasema: "Naichunga mupya, siku moja mutanilomba."

Juu ya numero, bagonjwa balimukasirikia. Aliandika bote mu kaye kubwa, daftari moja ya bote, jina mara moja tu pa mwanzo, kisha numero. Na kwa kinywa anaita numero. Mama Feza, mara ya kwanza alisikia "makumi ine na tano, ingia," hakuinuka.

"Prof, mi niko Feza."

"Najua, Mama."

"Makumi ine na tano ni nani? Niko ku gereza? Niko mufuko ya bunga?"

Bantu benye kungojea bakacheka. Yeye hakukasirika. Akakaa ku banki karibu yake.

"Mama Feza, mu Kamalondo peke yake ba Feza beko ngapi?"

"Ku avenue yetu, tatu."

"Na muguu yako iko ngapi mu dunia?"

"Sasa? Moja." Bakacheka tena.

"Basi. Majina inafananaka. Hii numero hakuna Feza mwingine atakunyanganya nayo."

Mama Feza akainuka, akaingia, lakini akasema pa mulango: "Mi ukiniita tena numero, nakushonea suruali na muguu moja." Na Prof alimuita numero mpaka mwisho, na Mama Feza alimushonea suruali, na ilikuwa na miguu mbili.

Mi sikupenda numero. Bagonjwa banakuja banauliza, "Mama Majina, yangu iko wapi?", mi nabaonyesha na kidole bila kuangalia sparadrap: ile ya juu ni yako, muzee Mwamba, iko karibu na ya Tshibola. Banafurahi. Muntu akikatwa muguu, anasikia kama bantu bameanza kumukata-kata yote. Ukimuita jina yake, iko sawa unamurudishia kipande. Prof alijua ile. Bageni bakikuja kutoka Bulaya, aliniita: "Mukwe, basomee rafu." Na mimi nasimama na ndoo yangu, nasoma rafu nzima, jina kwa jina, na yeye anafuata mu kaye na kidole na anatingisha kichwa kwa bageni. Kiburi yake juu yangu ilionekana. Na kiburi yangu, mi sikuiona. Njo ile ilikula muntu.

Alinifundisha kuandika tena, juu masomo ya primaire ilikuwa ilitoka mu mikono. Alinipa biki na sparadrap, akasema nianze na numero, kisha herufi kubwa peke yake, juu herufi kubwa hainaka mikia ya kupoteza. Nikamuuliza kama naweza kuandika jina chini ya numero. Akasema hapana. "Ukisoma jina, Mukwe, unaona sura, hauangalie tena platre." Sikuelewa. Nilifikiri anaona wivu kidogo.

Mu chumba ya tatu ilikuwa mashine yenye alitengeneza yeye mwenyewe na moteur ya kinu ya mahindi na bintu ya kinga, ile baiskeli. Unafunga muguu mupya, mashine inaikanyagisha chini, pu, pu, pu, asubui mpaka mangaribi, kama kuran, umeme, iko. Alisema muguu yoyote haitoke kwake mbele ya kutembea mpaka Kasenga, kule mbali kwenye samaki inatokaka, na kurudi. Ku ukuta, Trésor alihesabu hatua, aliandika na kipande ya platre pale muguu ilifikia ku ile njia. Ukiingia asubui unaona: muguu ya Mama Agnès, Minga. Ya muzee Mwamba, Kasomeno. Bagonjwa balipenda sana ile ukuta. Muzee Mwamba alituma mujumbe kuuliza: "Muguu yangu ilifika Kasenga? Ilileta samaki?"

Kuran ikienda, na ilikuwa inaenda mingi, fuluneza, tanuru ya kulainisha plastiki, inakufa. Prof anazunguka labo, anatukana waya. Mwishowe akaniambia nilete mbabula yangu, jiko ya kupikia, na makala ya kuwasha. Tulipika miguu ku mbabula, nyuma ya labo ya universite, mi napepea, yeye anashika plastiki na makoleo, anasema "sasa, sasa, sasa," sawa muntu anageuza mukate. Nyayo tulikata mu pneu ya mutokari ya zamani. Bantu ba komite ya universite balipita wakashika pua. Lakini bantu balitembea. Mama Agnès alitoka pale na miguu yake, akavuka kiwanja, akafika ku lami, na hapo akakaa chini akalia. Prof alikuwa anamuangalia ku dirisha. Akasema, "Iko anainama kidogo kuume," akarudia ku meza.

Sasa mvua.

Mwaka moja Prof alienda Kinshasa kulomba mashine ya maana, fuluneza ya kweli. Labo ilibakia na Trésor. Posho na yenga, zile siku mbili ya kupumzika, mvua ilinyesha bila kupumua, bati moja ikapasuka. Siku ya kwanza ya kazi asubui tukafungua: maji ilishuka juu ya rafu yote. Platre ilikuwa yote pale, lakini sparadrap ilianguka chini sawa majani, na biki ilifutika. Kaye kubwa ilikunywa maji pia. Majina na numero ilisomeka bado, lakini michoro, yenye Prof alichoraka kila kipande na vipimo yake, ilikuwa wino yote mu maji.

Trésor alishika kichwa. "Mama Majina, Prof ataniua."

"Leta biki," nikasema.

Nikasimama mbele ya rafu na nikasoma. Hii Feza. Hii Kasongo. Hii Tshibola. Trésor anatafuta jina mu kaye, anakuta numero, anaandika sparadrap mupya, anabandika. Tulienda mbio, tulikuwa tunaimba karibu. Tukafika ku rafu ya tatu, kwa mbili yenye ilifanana: zote ya kushoto, zote chini ya goti, zote ya wanaume bakondefu. Moja ilikuwa ya Kabange wa Kasungami, mulimaji, mwenye alianguka mu karyere, shimo ya kuchimba mawe. Ingine ya Kabange wa Kamalondo, mwenye kupiga gita mu mabar.

"Hii ni Kabange gani?" Trésor akauliza.

Nikaangalia. Nikagusa. Nikangoja sura ikuje, sawa inakujaka. Haikukuja mbio.

"Mama, kama hauna hakika, tungoje Prof. Anarudia siku ya tano."

"Mimi?" nikasema. "Kabange nilibeba ku mugongo mpaka nikaachishwa masomo. Nitasahau Kabange?"

Alicheka. Na mimi nikacheka. Nikaweka kidole: "Hii Kasungami. Ile Kamalondo." Akaandika. Nikasema sawa Prof, "Iache ikauke," na tukacheka tena.

Prof alirudia mikono mutupu. Alitengeneza muguu ya Kabange wa Kasungami juu ya ile platre, na ya Kabange wa Kamalondo juu ya ingine. Kabange alikuja na muke wake Béatrice na mutoto ku mugongo, na fungu ya matembele kwa Prof, sawa kawaida. Alivaa. Uso wake ilijikunja.

"Inakuluma?" Prof akauliza.

"Kidogo, Prof."

"Mupya inalumaka. Ukuje kisha posho moja, siku saba, tutaipanguza ndani ipanuke."

Hakukuja. Ilikuwa wakati ya kupanda mahindi. Béatrice aliniambia kisha, na macho makavu: "Nilimuambia, rudia kwa Prof. Akasema, bantu ba masomo bote banatumika juu yangu, wananipa bure, mi nitaenda kubaambia kitu yabo ni mubaya?" Alijaza bitambaa ndani. Alitembea nayo mu shamba mpaka mahindi ikatoka. Siku yenye alirudia, harufu iliingia mbele yake. Prof, mwenye kuogopa damu, alifungua ile kidonda yeye mwenyewe, hakushika ukuta. Alimubeba na mutokari yake mpaka ku hospitali. Balikata tena, juu ya goti. Mbele mvua iishe, Kabange wa Kasungami alikufa.

Tulienda ku kilio. Prof alikaa chini na wanaume.

Siku kidogo kisha, Kabange wa Kamalondo akafika. Alikuwa alienda kupiga gita Likasi, ni juu ya ile hakukujaka kuchukua muguu yake. Aliingia na viatu ya kungaa, moja mu mukono, anaita: "Prof, leo nacheza!" Akavaa. Muguu ikamuzunguka sawa nyungu ku fimbo. "Prof," akasema, bado anacheka, "hii muguu ni ya muntu mwingine."

Prof akaenda ku rafu, akachukua zile platre mbili. Akapima na metre yake, moja, kisha ingine, kisha tena. Akaziweka chini pole pole. Bila kugeuka, akauliza:

"Mukwe. Kisha mvua, nani alirudisha numero?"

Mi nilikuwa nainama ku ndoo. Nilisikia. Trésor aliniangalia, mi niliangalia maji. Prof alingoja. Alingoja murefu, unaweza kuimba wimbo ya kanisa mpaka mwisho. Kinywa yangu ilifungwa sawa siku ya jina yake.

"Bon," akasema.

Balimuita ku komite. Trésor alikuwa pale, njo aliniambia. Baliuliza: ni nani alichanganya? Trésor akafungua kinywa, Prof akainua kidole, akasema: "Ni mimi." Akaandika, akatia signature. Trésor alilia akiniambia. Kisha alienda masomo Afrika ya Kusini. Ananitumiaka salamu ku Noeli, na ile mambo hatuitajake.

Balichukua ufunguo. Chumba ya mashine ikawekwa bikalio ya kuvunjika. Platre balitupa nyuma, pale tulipikia, na batoto ba jirani balichukua bipande kuchora michezo yabo ku lami. Nilipita siku moja nikaona mutoto anaruka mu mistari ya kuchora, na mu mukono yake ilikuwa goti ya Tshibola. Nilijua goti ile. Kaye ilikuwa ilisimama ku mia moja makumi tatu na moja, mama moja wa Kenya, ile commune ya hapa mu muji, anaitwa Charlotte, alipimwa tu. Muguu yake haikufikaka Kasenga.

Prof alifundisha mu auditoire, chumba kubwa ya masomo, miaka ingine, kisha pension. Mi pia niliacha. Kila mwaka nilisema nitaenda kumuambia. Kila mwaka nilikuta kitu: mugonjwa, kilio, mvua. Kama alijua ni mimi, kwa nini anisikilize? Kama hakujua, nitaanzia wapi?

Mwaka huu Mama Feza alinituma neno kutoka Kamalondo: "Prof wako anapotea. Balimukuta ku barabara, hajui nyumba." Nikavaa kikwembe yangu ya kilio, sikujua ingine ya kuvaa, nikaenda Makomeno, kwa binti yake Solange.

Solange akafungua porte. "Mama Majina! Karibu. Hatakujua, usiumie moyo."

Alikuwa mu kiwanja, anatembea. Yule mwenye alipandaka mutokari kwenda pale karibu. Alizunguka nyumba, kando ya ukuta, na majani ilikuwa ilikufa kwa kukanyagwa, njia wazi sawa ya mbuzi.

"Tangu asubui," Solange akasema. "Ukimuuliza anaenda wapi, anasema Kasenga."

Nikaingia mu njia ile. Kwetu haukaribiake sana tata-mukwe. Nikatembea nyuma yake kidogo, kando. Alisikia hatua yangu.

"Tulifika wapi?" akauliza.

"Tulipita Minga, Tata."

"Muguu inavumilia?"

"Inavumilia."

Tukazunguka. Nyuma ya nyumba, pale Solange haonake, nikasema. Nilisema yote: rafu, mvua, kidole yangu, kicheko yangu, ndoo. "Ni mimi nilichanganya Kabange, Tata. Uliuliza, nikanyamaza. Nakulomba musamaha." Alikuwa anainamisha kichwa, sawa vile aliinamaka ku platre.

"Kabange ni nani?"

"Wa Kasungami."

"Anakuja lini?"

"Hatakuja, Tata."

"Mwambie akuje. Tutaipanguza ndani."

Tukazunguka tena mara mbili, mi sikuona njia vizuri. Halafu akasimama. Akanigeukia.

"Mama. Wewe unajua majina ya bantu."

"Ndiyo, Tata."

"Yangu ni nani?"

Mukono yangu ilienda peke yake ku kinywa. Nikatafuta Solange, alikuwa aliingia ku kuzini, ku jiko, kutia chai. Ningeweza kumuita. Ni baba yake, kwake ile jina haina neno. Na Prof alingoja. Aliniangalia na alingoja, vile alingoja siku ya ndoo.

Nikatoa mukono. Nikasema ile jina. Mara ya kwanza tangu bwana yangu Ilunga alinitoa kwetu.

Aliirudilia pole pole, mara mbili. "Ni jina muzuri," akasema. "Iandike. Nitaisahau."

Solange alikuwa alifika na kikombe. "Tunaandika kila siku, Mama. Anapasuaka karatasi yote."

"Uko na sparadrap?"

Akaenda kuileta. Nikaandika na herufi kubwa, ile haina mikia, na inasomeka. Nikabandika ku mukono ya shati yake. Aliangalia sana. Hakuipasua.

"Weka na numero," akasema.

"Ya telefone yangu, Mama," Solange akasema, "akipotea baniite. Ni zero, nane..."

Lakini yeye alitingisha kichwa. Aliniangalia mimi.

"Majina inafananaka, Mukwe."

Nikachukua biki. Chini ya jina nikaandika numero yenye ilikuwa inafuata mu kaye, mia moja makumi tatu na mbili. Solange aliangalia, hakuelewa, na mi sikumuelezea. Prof alipitisha kidole karibu ya wino, bila kuigusa.

"Iache ikauke," akasema, na akarudia ku njia yake ya Kasenga.